Nyumba Iliyopanda Kilima

Ngoliba,
Septemba 2, 1997

Baba Ndanu,

Sisi tu wazima. Mama yako goti linamsumbua lakini ulimi hausumbuliwi na chochote. Ndanu amefungua shule, na mdogo wake ameanza kusimama akishika ukuta.

Nianze na zuri usije ukadhani nakulalamikia. Tangu utujengee hapa chini mtoni mwezi wa Aprili, maji si shida tena. Wenzetu wa kule juu bado wanateremka na mitungi kabla ya jua, mimi nachota nikiwa na leso ya kulalia. Sukuma wiki shambani imekataa kufa. Kiangazi hiki kingetumaliza tungekuwa bado kilimani, na nakushukuru.

Sasa nisikilize. Jana chifu aliita baraza. Alikuja na kijana wa mambo ya hali ya hewa, shati jeupe, viatu vimejaa vumbi letu. Alisema bahari ya huko mbali imepata joto isivyo kawaida, na joto hilo litatuletea mvua ya kupita kiasi kuanzia Oktoba. Akaiita El Nino. Wazee wakacheka, wakasema hilo ni jina la bendi. Mimi niliinua mkono nikamuuliza, mtu aliyejenga kwenye tambarare ya mto afanye nini? Hakufikiri hata kidogo. "Ahame, mama. Ahame sasa wakati udongo ni mkavu."

Sijalala vizuri tangu anijibu hivyo. Nikisikia mto nahesabu kama umesogea, na hata haujasogea, maji yenyewe hayafiki magotini.

Nataka turudishe nyumba kwenye boma la zamani kilimani. Mabati ni yale yale na nguzo ni zile zile. Akina mama wa kikundi cha mwethya wako tayari, leo wanifanyie mimi, wiki ijayo tumfanyie mwingine. Ninachotaka ni neno lako tu, au uje mwenyewe.

Barua nampa Omar anayeleta mboga huko Ruiru. Jibu mpe yeye, mkewe Amida ataniwekea dukani. Usikawie.

Ni mimi,
Ndunge


Ruiru,
Septemba 10, 1997

Mama Ndanu,

Barua yako nimeisoma hapa kware, kwenye machimbo ya mawe, wakati wa chai, vumbi la mawe likijaa kwenye mistari. Nimemsomea Bedan, huyu tunayekaa naye chumba kimoja, naye akasema, "Ngai, bibi yako anasikiliza baraza kuliko mimi ninavyosikiliza redio."

Hebu nikuulize. Mwaka jana si walisema mvua itatosha? Tulipanda. Mahindi yalifika magotini yakasimama kama watu waliopotea njia. Mwaka huu nikajiandaa mwenyewe bila kungoja mtu wa shati jeupe. Nikang'oa nyumba, nikaileta kwenye maji, mkapona. Sasa watu wale wale wanasema maji ndiyo hatari? Wanabahatisha, Ndunge. Wakikosea wao wanarudi Nairobi, wewe unabaki juu kwenye mawe na mtungi mgongoni.

Halafu kuna Nzioka. Unakumbuka alivyosimama pale mikono nyuma nilipokuwa nachimba mashimo ya nguzo? "Unajenga kwenye kitanda cha mto, siku moja mwenyewe atarudi kulala." Watu wote wakacheka, hata watoto. Ndugu yangu wa tumbo moja. Leo nibebe nguzo nipande nazo kilima huku ananitazama?

Nyumba ibaki hapo ilipo. Desemba nitakuja, tutazungumza tukiwa tumekaa. Mwambie mama goti alikande kwa maji moto na chumvi.

Wako,
Kaleli


Ngoliba,
Septemba 24, 1997

Dada Ndila,

Nakuandikia wewe kwa sababu nisipomwambia mtu nitapasuka. Ukishaisoma, iwashie jiko.

Nimehamisha nyumba. Kaleli alikataa, nami nimehamisha.

Barua yake niliisoma nikiwa nimesimama dukani kwa Amida. Nilifika kwenye neno "ibaki" nikarudi juu nikasoma tena, labda nimekosea. Amida akaniuliza, "Haya, mwenyewe anasemaje?" Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema, "Amekubali." Amida akapiga makofi, akamwita Omar, Omar akasema pickup yake itabeba mabati. Kufikia jioni soko lote linajua Kaleli amekubali. Ningerudi nyuma vipi?

Walikuja wengi. Wanawake walipanda na maji ya kukandia udongo mpaka shingo zikatetemeka. Na Nzioka alikuja, dada. Ndugu yake huyo huyo. Alileta mkokoteni na ng'ombe wake, akaniuliza, "Kaleli amesema ndiyo?" Nikamwambia ndiyo. Akatazama chini kidogo, akasema, "Basi nishikie hapa." Akang'oa nguzo ya kona peke yake.

Mlango mkubwa ule wa buluu umebaki chini. Upepo wa kule juu ungeuvunja, nikaona heri uzibe njia ya mbuzi kwenye sukuma. Huku juu tuna mlango mdogo wa mbao za masanduku ya Omar. Nimechimba mtaro kuizunguka nyumba, na kuni nimeziweka ndani. Ghala nimeliinua juu ya mawe.

Mama mkwe hakudanganyika. Alinitazama tu akasema, "Mwanangu hakukubali, namjua. Haya, nibebee kiti changu." Mpaka leo hajarudia neno hilo.

Sasa mbingu ni kavu kabisa, jua linachoma, na kila asubuhi nateremka kwenda kuchota maji niliyokuwa nayo mlangoni. Wenzangu wameanza kuniuliza mvua iko wapi. Isiponyesha, nitakuwa nimemdanganya mume wangu bure na kuwachosha watu bure. Ikinyesha sana, nani anafurahia jambo kama hilo? Siwezi kuiombea ije wala kuiombea isije.

Nitamwambia Desemba akija, akiwa amekula. Wewe usimwambie.

Mdogo wako,
Ndunge


Ngoliba,
Septemba 30, 1997

Baba Ndanu,

Neno lako nimelipata.

Hapa ni yale yale. Watoto wanakula. Mama anakusalimu, goti ameanza kulikanda kama ulivyosema. Mkono wangu wa kulia una malengelenge, ndiyo maana naandika vibaya, ni kazi za shamba tu.

Amida anauliza, msumari wa bati ukishang'olewa na kunyooshwa, unaweza kushika tena au utavuja? Wanatengeneza banda lao. Wewe ni fundi, nijibu nimwambie.

Ndunge


Ruiru,
Oktoba 27, 1997

Mama Ndanu,

Mwambie Amida aweke kipande cha mpira chini ya kichwa cha msumari, hautavuja.

Basi mvua si imekuja? Nimekaa naisikiliza, na ni mvua njema, ya kupanda. Huku Ruiru matope yamefika mlangoni, watoto wanacheza ndani yake, na kila mtu akiteleza anapiga kelele "El Nino!" Sasa niambie, mto umefika kwenye nyumba? Haujafika. Ukiwa umekaa hapo kwenye kizingiti ukiutazama, unikumbuke mumeo.

Ningekuja, lakini kazi kware ni nyingi mno siku hizi, msimamizi hatoi ruhusa. Uniwie radhi kwamba sijatuma kitu mwezi huu. Mambo yatanyooka.

Wako,
Kaleli


Ruiru,
Novemba 17, 1997

Shemeji Ndila,

Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Juzi jioni nilipita Thika kwenye lori la mchanga. Nikaiona njia ya kwenda kwako Ngoingwa, nikamwambia dereva asisimame. Sikuweza kukubishia mlango nikuambie kwa mdomo. Nisamehe.

Ndunge hayuko. Watoto hawako. Mama yangu hayuko.

Nitakueleza nilivyoona kwa macho yangu. Wiki iliyopita redio ilisema mto Athi umevunja kingo. Nikaondoka Ijumaa bila hata koti. Nilifika pale njia ya murram inapochepuka kwenda kwetu, nikakuta daraja la kijito limeondoka, pamebaki shimo linalonguruma. Nikazunguka upande wa Donyo Sabuk, nikatembea kwa miguu mpaka ng'ambo ya mto, mkabala na shamba letu. Nilifika Jumamosi asubuhi.

Shemeji, ule haukuwa mto tena. Ulikuwa kama shamba zima lililolimwa linalotembea. Pale nilipochimba mashimo ya nguzo palikuwa na maji mekundu yanazunguka polepole, yametulia, kama yamefika kwao. Sikuona bati wala nguzo. Kilima chenyewe kilikuwa kimezibwa na mvua, huoni kitu juu.

Kulikuwa na mtu anatafuta punda wake kwenye matope, mtu wa ng'ambo hiyo hiyo anayeona kwetu kila siku. Nikampigia kelele, "Wale wa ile nyumba ya pale chini?" Akanijibu, "Walienda." Nikamuuliza, "Walienda lini?" Alisema kitu, maji yakakimeza. Nilimwona tu akitikisa kichwa na kushika njia yake.

Nikasimama. Nilijiambia labda amekosea. Ndipo nikauona mlango. Ulikuwa umekwama kwenye miiba upande wangu, mlango wangu wa buluu niliopaka kwa mkono wangu, na pale chini yupo yule kuku aliyechorwa na Ndanu kwa msumari, nikamchapa mtoto kwa ajili yake. Niliuvuta mpaka pakavu. Nikaufuta matope kwa shati langu. Nikaondoka, nikarudi kuufuta tena. Ni mzito, shemeji, na sikuwa na pa kuupeleka.

Jana watu walijaa humu chumbani. Bedan alileta wenzake wa kanisani wakaimba, akina mama jirani wakapika chai. Kila aliyenishika mkono alisema ni kazi ya Mungu. Nami nilijua ni kazi ya nani. Ndunge aliniomba. Aliniandikia mwezi wa tisa akiomba neno moja, nami nikamjibu kwa dharau kwa sababu sikutaka ndugu yangu anicheke.

Na kuna hili pia, ulijue lote. Kware imejaa maji tangu mvua ianze, imekuwa ziwa, sina kazi. Nilimwandikia kwamba kazi ni nyingi siwezi kuja. Nilikuwa nimeketi humu kwenye kitanda nikiona haya kurudi nyumbani mikono mitupu. Ningekuwa pale ningewabeba.

Niambie nifanye nini. Niambie hata kama ni kunitukana.

Kaleli


Ngoingwa, Thika,
Novemba 19, 1997

Kaleli,

Wako hai. Soma tena. Wako hai, wote, hata mama yako na kiti chake.

Mtu aliyekuambia "walienda" alisema kweli. Walienda! Walienda juu, kilimani, mwezi wa tisa, na mtu huyo aliwaona wakipanda na mabati. Ndunge aliihamisha nyumba bila wewe. Mlango aliuacha chini kuzibia mbuzi. Mto ulipokuja Jumanne ile ulikuta sukuma na mlango wako, ukachukua vyote viwili, basi.

Nina barua yake hapa mezani, ya Novemba 14. Omar aliacha gari ng'ambo ya kijito, akavuka kwa kamba na barua imefungwa kwenye nailoni kichwani. Ndunge ananiambia maji yalikuja na sauti kama lori linalopakua kokoto, wakasimama wote nje wakitazama pale nyumba ilipokuwa. Mama yako alisema, "Leo mto ungekuwa unatuogesha." Halafu akaomba uji.

Nilikatazwa nisikuambie. Nilinyamaza, na kwa kunyamaza kwangu umewazika watu wazima. Nimelia juu ya cherehani mpaka sare ya mtoto wa watu ikalowa, nikacheka, nikalia tena. Kosa langu nalikubali. Lakini na wewe, shemeji, ungesimamisha lile lori! Ungebisha tu mlango!

Barua hii inaletwa na kijana wa jirani, nimemwambia asiiache kwa mtu mwingine. Kaa chini kwanza kabla hujawaambia waliokuja kuimba.

Ndila


Ruiru,
Novemba 20, 1997

Ndunge,

Ndila ameniambia.

Sijui nianze na lipi. Nilipoisoma barua yake nilitoka nje kwenye mvua nikasimama katikati ya njia, Bedan akanifuata na mwavuli akidhani akili imeniruka. Nikamwambia, "Wako hai." Akaniuliza, "Wako hai wapi?" Nikakaa chini kwenye matope.

Halafu hasira ikanishika. Uliniuliza habari za misumari! Mimi nikakujibu habari za mpira! Ulikuwa umekaa kwenye nyumba nyingine ukiandika "hapa ni yale yale," na mimi huku namwambia kila mtu mke wangu ni mwanamke wa kusikia. Niliwazika, Ndunge. Nililala na watoto wangu wakiwa maiti kichwani mwangu. Ungeniandikia matusi, ungeandika "nimekataa," ningekasirika mwezi mzima na ningejua mko wapi.

Najua ningewaua. Usiniambie, najua. Ndiyo maana sijui hasira hii niiweke wapi.

Kware imejaa maji. Sina kazi tangu Oktoba. Nami nilikudanganya.

Nitakuja kijito kikipungua.

Kaleli


Ngoliba,
Desemba 3, 1997

Baba Ndanu,

Barua yako imefika imelowa, lakini niliyotakiwa kusoma nimeyasoma.

Unasema ningeandika "nimekataa." Ungekuja siku ya pili na kuiteremsha nyumba tena, mbele ya watu, ili waone mwenye neno ni nani. Nakujua. Sikukudanganya kwa kupenda. Nilihitaji mwezi mmoja wa wewe kutojua.

Lakini kwamba ulisimama ng'ambo ukauona ule mlango, hilo sikulifikiria. Nilifikiria maji, nikafikiria kuni na unga, hata mahali pa kulala mbuzi. Wewe sikukufikiria. Hilo linanikata, na sitalisemea zaidi kwenye karatasi.

Yaache hayo sasa. Mama yako ni mgonjwa. Maji yamesimama kila shimo, na mbu ni wengi hadi unawavuta na hewa. Nilijiandaa kwa mto, sikujiandaa kwa mbu. Alianza na baridi Jumapili, sasa ana homa kali na jana aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Zahanati ya hapa dawa za malaria zimekwisha na lori la kuzileta limekwama. Amida amempa za mwisho alizokuwa nazo dukani, hazikutosha.

Usingoje kijito kipungue. Nunua dawa Ruiru, pitia kwa Omar pale barabarani, anajua wanapofunga kamba. Nzioka anakaa pale kutwa akivusha watu.

Njoo.

Ndunge


Ngoliba,
Desemba 15, 1997

Ndunge,

Natumaini Omar amekukuta wodini. Amebeba pia leso yako ya kijani na nguo za mtoto, ulizisahau kwenye kamba ndani ya nyumba.

Tulionana kidogo sana. Nilipoingia na dawa ulikuwa umemshika mama kichwa, ukaniambia, "Shika huku," nikashika. Tukamnywesha, akatapika, ukasema haifai, lazima afike Thika. Kabla sijavua viatu tulikuwa tumembeba na kitanda chake, mimi mbele, Nzioka nyuma, wewe na mtoto mgongoni ukitushikia mwavuli ambao haukumkinga mtu. Njia nzima nilikuwa na maneno ya kukuambia, na yaliyotoka ni "kushoto" na "jiwe" tu. Halafu gari la Omar likaondoka nanyi.

Kwa hiyo niko huku na Ndanu. Amenifundisha mahali chumvi inapokaa.

Nimekaa kwenye nyumba yako nikataka kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Nje kunanyesha tangu asubuhi na sakafu ni kavu. Mtaro wako unabeba maji yote unayapeleka kando. Kuni zinashika moto kwa kiberiti kimoja. Bati linavuja mahali pamoja tu, juu ya upande wangu wa kitanda. Ndanu anasema ulijua panavuja ukasema, "Huyo hayupo." Nimelitia mpira leo.

Nzioka alikuja jana. Tulikaa, akanishukuru eti nilikubali mapema, kwamba angekuwa yeye angebisha. Nikamwambia, "Mimi sikukubali. Niliandika hapana, Ndunge akakataa kunisikia." Ndugu yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Kaleli," akasema, "unadhani niliamini? Wewe ukubali jambo kwa barua moja?" Nikamuuliza kwa nini basi alileta mkokoteni. Akasema, "Ningengoja wewe ukubali?" Mahindi yake yote ya tambarare yamekwenda, hajapata hata gunia. Alinionya mimi na yeye mwenyewe akapanda kule kule. Nilimwuliza kwa nini. Alisema udongo wa kule ni mzuri.

Kesho tunaanza kazi ya kumwinulia ghala kama lako.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Nimesimama kwenye mtaro nikiyatazama maji haya yanavyokimbia. Tumekuwa tukiyafuata mtoni miaka yote, na hapa yanapita mlangoni yakienda bure. Pale chini ya ukingo wa mawe, nyuma ya zizi, nikichimba bwawa dogo na kulikandika kwa udongo mwekundu, yangekaa. Mimi ni mtu wa kware, kuchimba ndiko ninakojua. Nzioka yuko tayari. Unasemaje?

Mama anaendeleaje? Niandikie ukweli, hata ukiwa mbaya.

Kaleli


Thika,
Desemba 19, 1997

Baba Ndanu,

Ukweli ni mzuri. Mama homa imemtoka juzi asubuhi. Alifungua macho, akamtazama nesi, akauliza ni nani amemvalisha gauni la mtu mwingine. Ni mwepesi kama kuku, na kusimama bado, lakini anakula, na anayelala kitanda cha pili ameomba ahamishwe kwa sababu ya maneno yake.

Ndila alikuja na ndizi akamsimulia habari za Ruiru, jinsi mlivyomlilia. Nilidhani atashtuka. Ametaka kujua kila kitu. Nani alikuja, nani alilia, wimbo gani uliimbwa, kama chai ilikuwa na maziwa. Anataka umwambie Bedan ameridhika na wimbo lakini watu walikuwa wachache. Kisha akanigeukia akasema kwa sauti ndogo, "Alilia?" Nikamwambia alilia. Akalala.

Nami nimekaa hapa kwenye benchi na mengi moyoni. Umeniuliza jambo kwa barua ukangoja jibu. Nimeisoma sehemu hiyo mara kadhaa, nikamsomea Ndila, akasema nisikucheke. Sikucheka.

Bwawa ni jambo jema. Lakini si pale nyuma ya zizi. Pale maji ya mbolea yataingia, na ni karibu mno na nyumba, tutafuga mbu mlangoni baada ya haya tuliyoyaona. Liwe upande wa pili, chini ya njia, tulizungushie miiba watoto wasitumbukie. Kule ni mawe zaidi, najua, utaumia mgongo. Ninaweza kuwa nimekosea, mimi si mtu wa kware. Tutapima pamoja.

Redio ya hapa wodini inasema mvua itaingia mpaka Januari. Na mgonjwa mmoja, mwalimu, anasema amesoma kwamba joto la bahari likishapoa, kinachofuata ni kiangazi kingine. Zamani ningesema anabahatisha. Sasa nikisikia mtu akitaja mwaka kesho, mikono yangu inatafuta jembe. Sijui kama ni hekima au ni woga, lakini siwezi tena kukaa tu.

Wanaturuhusu Jumanne. Omar atatuleta mpaka kwenye kijito. Lete kitanda na Nzioka, na ulete na maneno yale uliyokosa kuyasema njiani. Na mimi ninayo yangu, mengine si matamu.

Jembe linoe. Lakini usianze kuchimba kabla sijafika.

Ndunge